Watoto saba, wawili wakarudishwa: uchambuzi wa kisa cha uzao mmoja wa mbwa

Mbwa jike wa umbo la wastani, umri miaka 3, uzito kilo 22, alizaa kwa mara yake ya kwanza watoto 7. Wote 7 walifika wiki ya 8 wakiwa hai, wanene, manyoya yanang'aa, chanjo ya kwanza imeshaingia mwilini. Kwa hesabu za wengi uzao huo umefaulu. Lakini wiki 2 hazijaisha tangu wagawiwe, wawili walikuwa wamesharudishwa kwa mwenye jike. Mmoja aliuma mtoto wa nyumba hadi damu na kupiga mayowe usiku kucha. Wa pili hakutaka kutoka chini ya kitanda, na kila alipobebwa alijikojolea.

Ndugu zao 5, wa mama mmoja na baba mmoja, waliolelewa nyumba hiyo hiyo, walitulia kwa wenyeji wapya bila maneno. Kwa hiyo suala la damu mbaya tunaliweka kando mapema. Wawili waliorudishwa wana jambo moja linalowatenga na wenzao: ndio pekee waliougua. Na ugonjwa wenyewe haukuwaharibia kitu. Kilichowagharimu ni namna walivyouguzwa, kwa sababu siku zilizotumika kuokoa miili yao ndizo siku ambazo tabia ya mtoto wa mbwa hujengwa.

Watoto walitambuliwa kwa utepe wa kitambaa laini shingoni, kila mmoja rangi yake, ukilegezwa kila baada ya siku 2 maana shingo zao hunenepa upesi. Tutawaita wawili waliorudishwa Mweupe (aliyeuma) na Kijani (aliyejificha).

Gramu 245

Joto la jike lilishuka chini ya nyuzijoto 37, dalili ya kawaida kwamba kuzaa kumebaki ndani ya saa 24 hivi. Watoto walitoka katika muda wa saa 9. Walipopimwa kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, 6 walikuwa kati ya gramu 310 na 390. Mzito kuliko wote alikuwa Kijani. Mweupe alikuwa na gramu 245.

Mizani ndiyo chombo cha thamani kuliko vyote katika wiki 2 za mwanzo. Mtoto wa mbwa anaweza kupungua kidogo siku ya kwanza, ila asizidi asilimia 10. Baada ya hapo anatakiwa kuongeza kila siku asilimia 5 hadi 10 ya uzito aliozaliwa nao, na kati ya siku ya 7 na ya 10 awe amefika maradufu. Jicho haliwezi kuona gramu 15 zilizopotea kwenye kiumbe cha gramu 240. Mtoto anayefifia huonekana "amelala tu" mpaka zimebaki saa chache, na hapo mkono hauna tena la kufanya.

Daftari la Mweupe lilisomeka hivi: kuzaliwa 245, saa ya 12 ni 236, saa ya 24 ni 228, saa ya 48 ni 219. Wenzake wote katika saa 48 walikuwa wameshapita uzito wa kuzaliwa. Hatua ilichukuliwa saa ya 48, alipokuwa amepoteza zaidi ya asilimia 10. Tunaona saa ya 24 ilitosha kabisa kupiga kengele, na hata saa ya 12 kwa mtoto aliyezaliwa mdogo hivyo. Kuna sababu ya kuwa mkali hapa. Kingamwili za mama huja kwenye dang'a (maziwa ya kwanza), na utumbo wa mtoto unazipitisha kwa muda mfupi tu: saa 8 za kwanza ni bora, na ikifika saa 24 mlango umeshafungwa karibu wote. Mtoto dhaifu anayesukumwa na wenzake inabidi ashikwe, awekwe kwenye chuchu, asimamiwe anyonye, ndani ya saa hizo. Mweupe hakusimamiwa, hivyo kuanzia hapo ilibidi achukuliwe kama mtoto asiye na kinga.

Saa hiyo ya 48 joto lake lilikuwa nyuzijoto 33.9. Katika wiki ya kwanza joto la kawaida ni 35 hadi 37.2, chini kuliko la mbwa mzima, na mtoto hana uwezo wa kutetemeka ili ajipashe. Hapo ndipo wengi huua kwa huruma: wanaona mtoto ni dhaifu, wanakimbilia maziwa. Joto likiwa chini ya 34.5 hivi utumbo husimama. Maziwa yanakaa tumboni yakichacha, au yanarudi juu na kuingia mapafuni. Mtoto wa baridi hupashwa kwanza, hulishwa baadaye.

Kwa Mweupe hili lilifanywa vizuri. Chupa za maji ya vuguvugu zilifungwa kwa taulo, akalazwa kati yake na kugeuzwa kila baada ya dakika chache, joto likipanda polepole kwa saa 2 hadi 35.8. Kupasha kwa pupa, kwa mfano kwa taa kali iliyosogezwa karibu au mashine ya kukaushia nywele, hufungua mishipa ya ngozi na kumaliza nguvu kidogo iliyobaki. Wakati huo alipakwa matone ya maji ya glukosi kwenye ufizi, bila kumiminiwa kooni. Kisha kidole kidogo kiliwekwa mdomoni: aliponyonya kwa nguvu, ndipo alipolishwa.

Maziwa yalikuwa ya unga maalumu kwa watoto wa mbwa. Ya ng'ombe yana protini na mafuta machache kuliko ya mbwa na laktosi nyingi zaidi, na mtoto huishia kuhara huku hashibi. Kiasi kilipigiwa hesabu. Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 4 hadi 5 kwa kila gramu 100 za uzito, kwa hiyo kwa gramu 219 kilele ni kama mililita 9 au 10. Mahitaji ya siku ni kalori 20 hadi 25 kwa kila gramu 100. Maziwa hayo yalikuwa na kalori 1 hivi kwa mililita, ikatoka mililita 4 kila saa 2, usiku na mchana, jumla 48. Alilishwa akiwa amelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kamwe si chali kama mtoto wa binadamu. Kila mlo ulifuatwa na kufutwa taratibu kwa pamba yenye maji ya vuguvugu chini ya mkia na tumboni ili akojoe, kwani mpaka karibu wiki ya 3 hawezi kujisaidia bila kusisimuliwa. Siku ya 4 alisoma 241, siku ya 6 akafika 272.

Sanduku la pili

Mpaka siku ya 6 hakuna cha kulaumu. Tatizo ni kwamba Mweupe alikuwa amehamishiwa sanduku lake mwenyewe, chumba kingine, na alibaki huko hadi siku ya 26. Sababu iliyotolewa ni kwamba mama alimsukuma kwa pua na kumkataa. Jike wengi humsukuma mtoto aliyepoa. Akipashwa na kupakwa harufu ya wenzake (kusuguliwa kwa kitambaa kilicholaliwa na uzao kunatosha), mara nyingi hupokewa kama hakuna kilichotokea. Jaribio hilo halikufanywa tena baada ya siku ya 2, na chupa ikageuka mazoea kwa sababu ni rahisi kwa mlezi na mtoto ananenepa.

Njia iliyofaa ilikuwa kumrudisha siku ya 5 na kumwongezea chupa akiwa humo humo. Kwa kupokezana: watoto wazito 4 wanatolewa kwa dakika 20 na kuwekwa kwenye kikapu chenye joto, wadogo 3 wanabaki na mama, Mweupe akiwekwa kwenye chuchu za nyuma, ambazo ndizo zenye maziwa mengi. Hilo linarudiwa kila saa 3. Anapimwa kabla na baada ya kunyonya; kilichopungua kinajazwa kwa chupa. Siku 3 mfululizo za kupanda bila chupa, chupa inaachwa. Ni kazi zaidi ya sanduku la pili, hatubishi.

Alichokosa kwa siku hizo hakionekani kwenye mizani. Mtoto aliye na wenzake hutambaa juu ya miili 6, huteleza, hupoteza chuchu, huitafuta tena. Hujifunza kuvumilia kukosa. Mweupe hakuwahi kukosa: mkono wa mtu ulifika kabla hajalia mara ya pili. Aliporudishwa siku ya 26 bado alitolewa kwa chupa mchana na kulala peke yake usiku hadi siku ya 40, kwa hofu kwamba angelaliwa. Kati ya wiki ya 4 na ya 7 ndipo watoto wanapofundishana nguvu ya meno. Mmoja akibana sana, mwenzake hupiga kelele na kuondoka, mchezo unakufa; akirudia, mchezo unakufa tena. Hakuna mtu anayefundisha hilo vizuri kama ndugu. Mweupe alipitia masomo hayo nusu nusu, na ndugu ambao tayari walikuwa na desturi zao walimkwepa.

Kuhara kwa Kijani

Siku ya 33 Kijani aliamka na kinyesi cha maji chenye utando wa kamasi. Siku iliyotangulia, chakula cha watoto kilikuwa kimebadilishwa chote kwa mara moja kwa sababu cha zamani kiliisha, kwa hiyo kila mtu alikilaumu chakula. Kinyesi kilipopelekwa kwa daktari wa mifugo kilionyesha mayai ya minyoo ya mviringo, *Toxocara canis*, pamoja na vijidudu vya koksidia. Chakula kilikuwa cheche tu.

Minyoo hao hupita kwa mtoto akiwa bado tumboni, kupitia kondo, na wengine humfikia kwenye maziwa. Ndiyo maana dawa hutolewa wiki ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8, na mama hupewa siku zile zile. Dozi moja haitoshi, kwa kuwa dawa za kawaida huua waliokwisha kufika kwenye utumbo, wakati wengine bado wako njiani mapafuni na watashuka baadaye. Daftari la uzao huu lilionyesha makosa mawili. Wiki ya 2 kila mtoto alipewa nusu mililita. Siku hiyo Mweupe alikuwa na gramu 560 na Kijani gramu 1,120, yaani kwa kila kilo Kijani alipata nusu ya alichopata Mweupe. Mtoto mnene, anayependeza, ndiye aliyepunjwa dawa. Kisha dozi ya wiki ya 4 ikarukwa kwa hoja kwamba "walishapewa". Kipimo cha dawa ya minyoo hufuata uzito wa siku hiyo, mtoto mmoja mmoja, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kama lebo inavyoagiza.

Matibabu yenyewe yalikwenda sawa. Kijani alikuwa ameshuka kutoka kilo 2.4 hadi 2.15 na ngozi ya shingo ikivutwa ilikawia kurudi. Daktari alimpa maji chini ya ngozi, dawa ya koksidia, na watoto wote 7 pamoja na mama wakapewa dawa ya minyoo kwa kipimo sahihi. Kipimo cha haraka cha parvo, ugonjwa hatari wa virusi unaoharisha watoto wa mbwa, kilifanywa siku hiyo hiyo na kikatoka hasi. Kinyesi kilishikana siku ya 38.

Hata hivyo alitengwa kwenye chumba cha nyuma tangu siku ya 33 hadi ya 48. Kama kipimo cha parvo kingetoka chanya, kumtenga kungekuwa lazima na tungekuwa wa kwanza kudai hivyo. Kilipotoka hasi, hoja ya kumtenga ilianguka. Watoto wanaokula sinia moja na kukanyaga kinyesi kimoja wameshameza koksidia wote. Kumwondoa anayehara hakuwakingi waliobaki. Kinachowakinga ni kuondoa kinyesi mara kadhaa kwa siku. Koksidia wanaotoka kwenye kinyesi wanaweza kuwa tayari kuambukiza ndani ya siku moja hivi penye joto. Mayai ya *Toxocara* huhitaji wiki 2 au zaidi, kwa hiyo kinyesi kinachozolewa kila siku hukata mzunguko wao kabla haujaanza. Hapa kuna jambo linalopotosha walezi: klorini iliyochanganywa kipimo 1 kwa maji 30, ikiachwa dakika 10 juu ya sakafu iliyokwisha kusuguliwa, huua virusi vya parvo, ila mayai ya minyoo na koksidia haiwagusi. Kwao ni kuzoa, kusugua na maji yanayochemka. Na anayezoa anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu *Toxocara* humpata binadamu pia, hasa watoto wadogo.

Katika siku hizo 15 Kijani alimwona mtu mmoja, mara 2 au 3 kwa siku, na mtu huyo alikuja na bomba la dawa. Mlango ukifunguliwa, anashikwa shingo, anafunguliwa mdomo, mlango unafungwa. Hayo ndiyo aliyojua kuhusu binadamu alipofika wiki ya 7.

Wakati huo, chumba cha mbele

Ukitaka kujua Kijani alikosa nini, angalia waliyopata wenzake. J. P. Scott na John L. Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 1965, ndio waliolipa jambo hili msingi: kuna kipindi, kinachoanza karibu wiki ya 3 na kufifia kati ya wiki ya 12 na ya 14, ambamo mtoto wa mbwa hupokea kitu kipya kwa udadisi kuliko kwa woga. Baada ya hapo mizani hugeuka. Kinachokutwa ndani ya kipindi huwa cha kawaida maishani, kisichokutwa huwa cha kutiliwa shaka.

Macho yalifunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio siku chache baadaye. Siku ya 20 watoto walianza kutoka kwenye kitanda kwenda kujisaidia pembeni, na hapo eneo liligawanywa: nyuma matandiko, mbele sinia la chakula, upande wa mbali zaidi trei pana yenye udongo na nyasi. Watoto hao hawakupenda kuchafua walipolala, kwa hiyo walifuata njia iliyo wazi. Kufikia wiki ya 8 mguu hujua aina ya sehemu ya kujisaidia. Aliyelelewa juu ya magazeti hutafuta magazeti, na aliyelelewa juu ya nguo kuukuu atachagua zulia la mwenyeji. Kijani, tuongeze, alikuwa juu ya nguo kuukuu kwa siku zote 15.

Kuachishwa kunyonya kulianza siku ya 24: kipimo 1 cha chakula kikavu cha watoto, vipimo 3 vya maji ya vuguvugu, kikaloweshwa hadi kuwa uji na kutiwa kwenye sinia pana lenye ukingo mfupi. Siku za kwanza walikanyaga zaidi ya walivyokula, na mama aliruhusiwa kulamba mabaki. Maji yalipunguzwa kidogo kidogo hadi kavu wiki ya 7, milo 4 kwa siku. Kuanzia wiki ya 5 sinia moja liligawanywa kuwa bakuli 6 zilizoachana, maana bakuli moja huwafundisha kulinda. Mlezi alipita na kudondosha kipande cha nyama kwenye bakuli la anayekula, akaendelea na safari yake. Mkono unaokaribia chakula ukawa habari njema.

Mama naye asisahauliwe. Wiki ya 3 na ya 4 za kunyonyesha alikula takriban mara 3 ya kawaida yake. Kucha za watoto zilikatwa kila wiki kwa sababu hukwaruza chuchu na kufungulia maambukizi njia. Chuchu yenye joto, ngumu, iliyobadilika rangi, ni ya kwenda kwa daktari siku hiyo. Jike anayenyonyesha akianza kuhema, kukakamaa miguu na kutetemeka, kalsiamu imeshuka na hiyo ni dharura ya saa, si ya kesho. Kumlisha kalsiamu ya ziada wakati wa mimba hakuzuii hali hiyo. Huiongezea nafasi, kwa kuwa mwili huzoea kupewa na kusahau kuichota kwenye mifupa.

Kuhusu watu na vitu: kila siku jambo jipya moja au mawili, kwa dakika 5 hadi 10, na mtoto ndiye anayesogea. Mwavuli uliofunguliwa ukaachwa sakafuni. Mzee mwenye bakora. Kofia pana. Mtoto wa shule aliyekaa chini, mikono mapajani. Ndoo iliyoangushwa mbali kidogo, kisha karibu. Bati, nyasi mbichi, changarawe, ubao unaoyumba. Kuanzia wiki ya 6 kila mmoja alitengwa na wenzake kwa dakika 1, baadaye 5, baadaye 20, akiwa na mfupa wa kutafuna kwenye kizimba kilicho wazi mwanzoni na kufungwa baadaye. Walipakiwa kwenye gari mara kadhaa, injini ikiwaka bila kwenda popote, kisha mwendo mfupi.

Siku ya kugawa

Chanjo ya kwanza ilitolewa siku ya 49. Hiyo ni mwanzo tu. Kingamwili za mama zilizobaki zinaweza kuizima chanjo, na hakuna ajuaye kwa jicho zitakwisha lini kwa mtoto yupi, ndiyo maana hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka umri wa wiki 16 au zaidi. Ya kichaa cha mbwa huja kuanzia wiki ya 12. Mwenyeji mpya aandikiwe tarehe hizo, asiambiwe tu kwamba "amechanjwa".

Watoto 7 waligawiwa kati ya siku ya 54 na ya 58. Umri huo ni mzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu mbwa waliotenganishwa na uzao wakiwa na siku 30 hadi 40, wakilinganishwa na walioondoka miezi 2, uliona matatizo mengi zaidi ya tabia kwa waliowahi. Lakini umri wa kalenda ulitumika hapa kana kwamba wote 7 wameishi siku sawa. Kijani aliondoka siku ya 54, siku 6 baada ya kutoka kifungoni, akaenda nyumba yenye watoto 3 na wageni wa kila siku. Mweupe, kwa sababu alipenda watu sana na kufuata mguu wa yeyote, alionekana ndiye anayefaa nyumba yenye mtoto wa miaka 2. Kumbe kufuata huko kulikuwa kushindwa kukaa peke yake.

Majaribio ya tabia yaliyofanywa wiki ya 7 (kumlaza chali, kumwita, kumrushia karatasi) yalimpa Mweupe alama za juu kuliko wote. Hatuyatupi majaribio hayo, yanasaidia kuona mtoto alivyo siku hiyo, ila yametabiri vibaya mno mbwa atakavyokuwa mkubwa kiasi kwamba kuyagawia nyumba ni kubahatisha. Daftari la malezi lingesema zaidi: nani alilala peke yake, nani alikutana na wangapi, nani aliguswa kwa dawa tu.

Karatasi waliyopewa wenyeji ilikuwa na tarehe ya chanjo na ya dawa ya minyoo, basi. Iliyotakiwa ina uzito wa siku ya kuondoka, aina ya chakula na kiasi kwa mlo, saa za milo, chakula chenyewe cha wiki moja ili mabadiliko yafanywe taratibu kwa siku 7 (robo, nusu, robo tatu), aina ya sehemu anayojisaidia, kitambaa chenye harufu ya mama, na sharti la wazi kwamba mbwa akishindikana anarudi kwa aliyemzalisha. Sharti hilo, kwa bahati, lilitajwa kwa mdomo, na ndilo lililowaokoa hawa wawili wasitupwe.

Baada ya kurudi

Mweupe alirudi akiwa na wiki 9 na siku 5. Kijani wiki 9. Mlango wa kuzoea ulikuwa umebaki wazi wiki 3 hadi 5, kwa hiyo hakuna siku iliyopotezwa.

Mweupe aliwekwa na mama yake na mbwa dume mzima mpole, aliyechanjwa, mwenye tabia ya kuinuka na kuondoka anapobanwa. Kwa watu sheria ilikuwa moja: meno yakigusa ngozi kwa nguvu, mchezo unasimama sekunde 20, bila kelele wala kipigo, kisha unaanza tena na kitu cha kutafuna. Kumfunga mdomo kwa mkono au kumpiga puani, ambako bado kunashauriwa na wengi, humfundisha kuogopa mikono au kuuma haraka zaidi. Kukaa peke yake kulianza kwa sekunde, mlango ukifungwa na kufunguliwa kabla hajalia. Usiku kizimba kilikaa kando ya kitanda cha mlezi na kusogezwa hatua moja kila baada ya siku kadhaa. Wiki ya 12 alikuwa anabana bila kutoboa na kulala saa 6.

Kijani hakuguswa siku 3 za kwanza. Mtu alikaa sakafuni ubavu ukimwelekea, akitupa vipande vya kuku nyuma ya mtoto, si mbele, ili kula kusimlazimishe kusogea anakokuogopa. Mlezi aliyempa dawa alibadilishwa. Mbwa mwenzake jasiri, mmoja wa ndugu ambaye mwenyeji wake anakaa karibu, aliletwa kila alasiri. Mtoto mwoga humfuata mwenzake mahali ambapo hatamfuata mtu. Kwa kuwa chanjo zilikuwa hazijakamilika alibebwa mkononi kwenda nje kutazama watu kwa mbali, na alirudishwa ndani alipokataa chakula. Mbwa anayekataa nyama ana hofu iliyopita kiasi cha kujifunza, na kumsukuma hapo ni kuongeza deni.

Nyumba za pili zilichaguliwa kwa kigezo tofauti. Mweupe alikwenda wiki ya 13 kwa watu wazima wenye mbwa mwingine. Kijani alikwenda wiki ya 14 kwa mtu mmoja anayeshinda nyumbani, aliyemtembelea mara kadhaa kabla ya kumchukua, na aliyeambiwa bila kuficha kwamba mbwa huyu anaweza kubaki na woga wa wageni kwa maisha yake yote. Mwezi mmoja baadaye Kijani alikuwa anamwendea mwenyeji wake na kula mbele ya wageni waliokaa. Akishikwa na mtu mwingine kwa ajili ya chanjo bado hujikojolea, kwa hiyo daktari humchoma sakafuni huku mwenyeji akimlambisha siagi ya karanga, isiyo na zailitoli, kwa kuwa kiongeza utamu hicho ni sumu kwa mbwa.